Nijifungashie nini ninapokwenda kusoma Ujerumani?

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Nina umri wa miaka 25, ninaishi Morogoro, na nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili mjini Leipzig, Ujerumani, kuanzia mwezi Oktoba. Viza imekwishatoka na tiketi nimekata. Ninaruhusiwa begi moja la kilo 23 na jingine dogo la mkononi. Kila ndugu ana lake la kunishauri: kaka ananihimiza ninunue makoti ya baridi, shangazi anataka nibebe vyombo, na mama amekwisha kufungasha unga, dagaa, nyama iliyokaushwa, chupa ya samli na maembe. Nichukue kipi na niache kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Ndugu zako wote wanazungumzia begi kubwa, ilhali mimi ningependa uanze na lile dogo, kwa kuwa ndilo litakalokuvusha siku za mwanzo hata kama kubwa halikufika. Yalinipata mimi mwenyewe. Niliposafiri kwenda huko mara ya kwanza, begi langu lilibaki njiani siku nne, na ndani yake, chini kabisa, katikati ya khanga mbili, nilikuwa nimelaza vyeti vyangu vyote nikiamini kwamba hapo ndipo pa salama. Nilikwenda kujiandikisha chuoni mikono mitupu, nikarudishwa.

Basi pasipoti, barua ya chuo, vyeti halisi vya masomo, cheti cha kuzaliwa ulichopewa na RITA, karatasi za bima ya afya na mkataba wa chumba visitoke mkononi mwako, na nakala zake umwachie mama na nyingine uzihifadhi katika barua pepe. Huo mkataba wa chumba usiuone mdogo. Sheria ya Ujerumani inamtaka anayehamia aandikishe makazi yake ndani ya wiki mbili tangu alipoingia katika nyumba, na afisa atakudai karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unakaa kwake. Kwa hiyo mwandikie mwenye nyumba sasa hivi, ukiwa bado Morogoro, umwombe akutayarishie. Usipoandikishwa, mara nyingi hata kufungua akaunti ya kawaida ya benki huwa shida, na zile fedha ulizoweka katika akaunti maalumu kwa ajili ya viza, ambazo hutolewa kwa mafungu ya kila mwezi, zitakosa pa kuingilia. Ndiyo maana nakusihi ubebe euro taslimu za kukutosha mwezi mzima wa chakula na nauli. Na kama ndege inatua Jumamosi usiku, uwe na cha kula, kwa maana Jumapili karibu maduka yote huko hufungwa.

Laini yako ya simu usiiache nyumbani. Benki na huduma za fedha za hapa hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo hiyo, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kampuni, kwa hiyo ulizia namna ya kuifanya ipokee ujumbe ukiwa nje, kisha uitie katika simu ya laini mbili.

Kuhusu makoti, kaka yako ana haki ya kuhofia, lakini sweta moja nzito, koti moja zuri la mitumba na viatu vya kufunika vinatosha kwa Oktoba. Mengine utayanunua huko, baada ya kuona wenyeji wanavaa nini. Vyombo vya shangazi vinapatikana kule, isipokuwa mwiko wa ugali, ambao hauna uzito na utaukumbuka siku ya kwanza utakaposonga kwa kijiko. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii katika matundu yao ya duara, ingawa nguvu ya umeme ni ile ile ya volti 230, hivyo adapta moja na waya mmoja wa ekstensheni kutoka nyumbani vitahudumia chaja zako zote. Kama unatumia dawa, chukua za miezi isiyozidi mitatu, katika pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Meno na macho yapimwe kabla hujaondoka.

Sasa mzigo wa mama, ambao najua ndio unaokuumiza kichwa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinakataza msafiri kutoka nchi zetu kuingia na nyama na vyakula vitokanavyo na maziwa, hata vikiwa vya kula mwenyewe, kwa hiyo nyama na samli vitachukuliwa forodhani na kutupwa. Maembe nayo yanahitaji hati ya afya ya mimea, tofauti na nazi, ndizi na mananasi. Dagaa waliokauka wanaruhusiwa, lakini wafungwe mara tatu ili harufu isiingie katika nguo. Unga kilo mbili, iliki, mdalasini na bizari ya pilau vitie bila wasiwasi. Mweleze mama mapema, na kwa upole, asije akaona umemkataa, kisha ile samli mpikie wali siku ya kuagana, muile wote nyumbani.