Swichi isiyozimika ndiyo inayopotea

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Tabora mjini, nasimamia mtandao wa ofisi yenye tawi Urambo. Nimehamisha swichi zetu mbili za mtandao kutoka SNMP (lugha ya kufuatilia vifaa vya mtandao) toleo la 2c kwenda la 3. Ya Urambo inasomeka vizuri. Ya hapa, yenye UPS (betri ya akiba) na isiyozimika kamwe, programu ya ufuatiliaji inadai iko nje ya dirisha la muda. Nikiiwasha upya hiyo programu inasoma kidogo, halafu inagoma. Nikiuliza mwenyewe kwa amri ya snmpget, swichi inajibu. Nywila ni ileile, saa nimezisawazisha. Nirudi 2c?

JIBU: Marahaba. Usirudi, kule neno la siri linasafiri wazi, yeyote anayenusa mtandao analisoma. Na saa ziache, hazihusiki.

Toleo la 3 halitazami saa ya ukutani. Kila kifaa kina kitambulisho cha injini (alama ya kukitofautisha na vingine), hesabu ya mara kilizowaka, na sekunde zilizopita tangu kiwake. Seva, yaani hiyo programu yako ya ufuatiliaji, hukumbuka namba hizo kwa kila kitambulisho. Ombi likija na hesabu ya kuwaka tofauti, au likipishana kwa zaidi ya sekunde 150, kifaa kinalikataa.

Sasa niambie ukweli: ya Urambo uliipanga mwanzo mwisho, au ulikopi faili la Tabora ukabadilisha IP tu? Nahisi ulikopi, na kitambulisho kikaenda humohumo. Kwa seva yako hicho ni kifaa kimoja. Tuseme Urambo, kwa kukatika umeme, imewaka mara 19, na Tabora mara 4. Seva ikishasikia 19 haikubali tena kuambiwa 4. Inadhani kuna mtu anarudia ujumbe wa zamani. Kwa hiyo anayeumia ni yule mwenye UPS. snmpget huanza bila kumbukumbu kila unapoiita, ndiyo maana inajibiwa.

Hakikisha kwa kuziuliza swichi zote mbili 1.3.6.1.6.3.10.2.1.1.0, ambapo ndipo kitambulisho cha injini kinaposomwa. Zikileta mfuatano uleule, ndilo hilo.

Badilisha kitambulisho cha Urambo. Lakini angalia: ufunguo uliohifadhiwa kwenye swichi umetengenezwa kwa nywila pamoja na kitambulisho, kwa hiyo kikibadilika, mtumiaji wa zamani wa SNMP kwenye swichi hiyo amekufa hata kama jina lake bado linaonekana. Mimi hapo nilipoteza Jumamosi nzima nikilaumu nywila. Mfute, muunde upya kwa nywila yenyewe, kisha uiwashe upya programu ya ufuatiliaji ili isahau ile 19.