Maswali na Majibu: Dunia Iliyokunjwa kama Mwavuli

Nimesikia zamani kulikuwa na tufe la dunia linalokunjwa kama mwavuli. Ni kweli? (Mwalimu, Morogoro)

Kweli kabisa, mwalimu. John Betts, mchapishaji wa London, alilitoa karibu mwaka 1860. Ramani ilichapwa kwenye kitambaa, na ndani mlikuwa na njiti za chuma kama za mwavuli wa mvua. Likikunjwa lilienea kwenye kisanduku chembamba. Likifunguliwa, dunia yenye kipenyo cha sentimita 40 hivi ilining'inia mbele ya darasa. Kampuni ya George Philip iliendelea kulitoa hadi karne ya 20. Matufe mengine ya wakati ule yalikuwa mazito na ghali. Hili mwalimu alilitia kwapani akaenda nalo.

Betts ndiye wa kwanza? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Mwaka 1507 Martin Waldseemüller, mchora ramani Mjerumani, alichapa dunia kwenye vipande 12 vilivyochongoka ncha mbili, mithili ya ganda la chungwa lililochanwa. Ukivibandika, unapata kitufe cha kutosha kiganjani, nacho kina jina "America". Mwaka 1830 George Pocock, mwalimu wa Bristol, akatoa tufe la karatasi la kujazwa hewa, lenye mzunguko wa karibu mita 3.7. Ndiye huyo aliyebuni gari la kuvutwa na vishada badala ya farasi! Kisha mwaka 1869, Dennis Townsend wa Vermont, Marekani, akatoa lake la kukunja.

Nitajuaje umri wa tufe lisilo na tarehe? (Msomaji, Unguja)

Anza na kwetu, ndugu yangu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walitoka pwani mwaka 1857, wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Agosti Speke akafika Ziwa Nyanza (Victoria). Kabla ya hapo, wamishonari Erhardt na Rebmann, kwa kusikiliza wasafiri wa misafara, walichora bara lote la ndani likiwa na ziwa moja kubwa mno. Kwa hiyo tazama maziwa: hakuna, ni moja, au yametengana? Kisha tazama Alaska. Ikiandikwa ni ya Urusi, ramani ni ya kabla ya 1867. Ukikuta nchi yetu ya bara inaitwa Tanganyika, umeshavuka 1920. Lakini wachapaji walirudia mabamba ya zamani ya kuchapia, basi unachopata ni umri wa mchoro, wala si lazima uwe umri wa karatasi yenyewe.

La babu limechanika kwenye mkunjo. Nibandike selotepu? (Msomaji, Mombasa)

Tafadhali sana, usithubutu. Gundi yake hugeuka njano na kupenya karatasini, na kuitoa ni kazi ya mtaalamu. Acha kulifungua na kulifunga. Kila mara mkunjo unazidi kukatika.

Wanafunzi wangu wanaweza kutengeneza moja? (Mwalimu, Morogoro, tena)

Wanaweza. Kwa kipenyo cha sentimita 30, kata vipande 12 vilivyochongoka ncha mbili kama vile vya Waldseemüller, kila kimoja urefu wa sentimita 47 na upana wa karibu 8 katikati, penye ikweta. Wachore Afrika kwanza, kabla ya kubandika.