Jibu: Kuchora grafu yenye tarehe na saa katika R

Ndugu, umeuliza kwa nini grafu yako ya ggplot2 (kifurushi cha kuchora grafu katika R, lugha ya programu ya takwimu) inaweka 01/02/2023 kabla ya 15/01/2023, na kwa nini maandishi ya mhimili wa mlalo yamerundikana hata hayasomeki. R imezisoma tarehe zako kama maandishi matupu, hivyo inazipanga kwa kufuata herufi na kuipa kila moja nafasi iliyo sawa na nyingine, bila kujali kama kati ya vipimo viwili zimepita dakika tano au wiki mbili.

Zigeuze kwanza ziwe wakati halisi:

data$wakati <- as.POSIXct(data$wakati, format = "%d/%m/%Y %H:%M", tz = "UTC")

Hapo kila thamani itahifadhiwa kama idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na umbali kwenye mhimili utalingana na muda uliopita. Nakusihi uzingatie herufi: %m ndogo ni mwezi, ilhali %M kubwa ni dakika. Ukizibadilishana, 15/01/2023 14:15 itakuwa NA (thamani inayokosekana), kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, lakini 15/01/2023 14:05 itageuka kimyakimya kuwa tarehe 15 Mei, saa 14:01, kosa ambalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani.

Usiache tz (sehemu ya kutaja majira ya eneo) wazi, maana R itachukua majira ya kompyuta inayotumika, na mwenzako wa nchi nyingine anaweza kupata matokeo tofauti.

Msongamano wa maandishi utaondolewa ukiongeza kwenye grafu scale_x_datetime(date_breaks = "1 week", date_labels = "%d %b").