Viungo vinauma: maswali ya wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

SWALI: Mama mkwe wangu amehamia kwetu kutoka Muscat, alikoishi tangu usichana wake. Lugha yake ni Kiarabu, Kiswahili anababaisha tu. Ana baridi yabisi ya vidole, viwiko na miguu. Kliniki akiulizwa hali anajibu "alhamdulillahi", daktari anaandika anaendelea vizuri, kumbe nyumbani hata kukamua kitambaa hawezi. Dawa anazinywa kwa kusukumwa, anasema ugonjwa ni kadari. Na Ramadhani hataki kusikia habari ya kula mchana. Nifanyeje?
Mkwe, Kihesa, Iringa

JIBU: Dada, hilo "alhamdulillahi" si taarifa ya ugonjwa. Mwenye kuzungumza Kiarabu huanza nalo hata akiwa na homa kali, na Waislamu wengi wa hapa kwetu ni hivyo hivyo. Wagonjwa wengi wa baridi yabisi wanaotoka huko huuchukua ugonjwa kama mtihani wa kuvumiliwa, na imani hiyo huwapa nguvu kwelikweli. Msiibeze. Shida huanza pale subira inapogeuka kuwa kunyamaza mbele ya daktari. Lipo na jingine: mama aliyezoea kuwapikia wageni, asipoweza kushika sufuria, mara nyingi huumia zaidi kwa kupoteza nafasi yake jikoni kuliko kwa vidole vyenyewe. Mpeni kazi anayoiweza akiwa amekaa, kama kuchambua mchele au kuonja chumvi, badala ya kumwambia "mama pumzika" kutwa nzima.

Sasa tuje kwenye kliniki. Acheni kumuuliza anajisikiaje, muulizeni kuhusu kazi. Wiki mbili kabla ya siku yake, chukua daftari uandike kila siku: ameamka kwa sala ya Alfajiri, vidole vimeweza kufunga ngumi saa ngapi? Kukakamaa kunakozidi saa nzima ni dalili kwamba ugonjwa bado unawaka. Kukiisha ndani ya nusu saa, na maumivu yakazidi anapotumia kiungo, huenda ni kuchakaa kwa viungo, na matibabu yake ni mengine. Andika pia kama ameshika kopo la udhu kwa mkono mmoja, kama amefunga vifungo mwenyewe, na kama ameinuka kutoka sijida bila kushika kitu. Halafu bonyeza taratibu vifundo vya vidole. Panapobonyea kama parachichi lililoiva, tena pana joto, kuna uvimbe wa ugonjwa. Andika ni vifundo vingapi na mkono upi. Daktari akisoma ukurasa huo ana cha kufanyia kazi.

Akionyeshwa mstari wa kupimia maumivu, wa 0 (hakuna maumivu) mpaka 10 (makali kabisa), hakikisheni ameelewa 0 iko upande gani, maana macho yake yamezoea kusoma kuanzia kulia. Salama zaidi ataje namba kwa Kiarabu au aonyeshe vidole. Mkalimani asiwe mjukuu wa kiume. Yako mambo, kama choo na ukavu wa sehemu za siri, ambayo hatayasema mbele yake. Tafuteni mwanamke ajuaye Kiarabu, naye atafsiri tu, asijibu kwa niaba yake.

Kuhusu kadari, wewe mkwe usibishane naye. Mwombeni sheikh anayemheshimu amkumbushe hadithi ya kutafuta tiba, kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa. Sheikh huyo huyo amweleze aya ya 185 ya Sura ya Al-Baqara, inayompa mgonjwa ruhusa ya kufunga siku nyingine, na kwamba kusali kwenye kiti kunafaa.

Akishikilia kufunga, nendeni kwa daktari mwezi wa Shaabani, msingoje mwezi uandame. Dawa nyingi hupangika. Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga inayoshambulia viungo, ni ya mara moja kwa wiki, basi huwekwa baada ya futari. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, ikiwa ni ya mara moja kwa siku huliwa pamoja na daku. Hiyo asiikatize ghafla kamwe, kwa sababu akishaitumia kwa wiki kadhaa mwili wake hupunguza kutengeneza homoni inayofanana nayo, na anaweza kuzimia. Ya kuogopa ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu: tumbo tupu na mwili usio na maji huumiza tumbo na figo. Aulize kama inaweza kuachwa mwezi huo; ikilazimu, aile baada ya futari iliyoshiba. Maji ayanywe kidogo kidogo kuanzia futari mpaka daku. Akitapika, akipata kizunguzungu au mkojo ukipungua sana, afungue siku hiyo hiyo.

SWALI: Nimeandikiwa methotreksati vidonge 4 kwa wiki. Mwezi wa pili huu sioni nafuu kubwa. Jirani anasema nikinywa kila siku nitapona upesi. Ni kweli?
Mama Neema, Uyole, Mbeya

JIBU: Mama Neema, hapana, na jirani asirudie kumwambia mtu hivyo. Dawa hii ikinywewa kila siku huzuia uboho kutengeneza damu. Mdomo huota vidonda, homa hupanda, mtu huanza kutoka damu, na wapo wanaokufa. Vidonge 4 vya miligramu 2.5 ni miligramu 10, basi, mpaka wiki ijayo. Vipo pia vya miligramu 10 kimoja, kwa hiyo soma pakiti kila unapochukua dawa mpya. Chagua siku, tuseme Jumapili, uiandike kwa kalamu nene juu ya pakiti. Ukisahau, unaweza kunywa ndani ya siku 2. Zikipita, subiri siku yako na usifidie. Asidi ya foliki hunywewa siku tofauti, kama ulivyoandikiwa.

Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12, kwa hiyo bado hujachelewa. Vipimo vya damu, ini na figo ufanyiwe kila wiki 2 hadi 4 mwanzoni, baadaye kila miezi 3 hivi. Ukienda duka la dawa kwa kikohozi au mkojo unaochoma, sema mapema kwamba unatumia methotreksati, na ukipewa Septrin, dawa ya kuua bakteria, ikatae: zikikutana hizi mbili hushusha damu vibaya mno. Pombe acha. Kama bado unazaa, tumia uzazi wa mpango, na ukitaka mimba mwone daktari miezi kadhaa kabla. Homa, kikohozi kikavu chenye kubana pumzi au vidonda mdomoni vikitokea, usinywe dozi inayofuata, wahi hospitali.

SWALI: Huku Makete Juni na Julai vidole vinakufa kabisa. Je, baridi ndiyo iliyonipa ugonjwa huu wa baridi yabisi? Sokoni kuna unga wa mitishamba unaotuliza usiku mmoja tu.
Mkulima wa viazi, Makete

JIBU: Baridi hailetei mtu ugonjwa huu. Kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia viungo. Baridi huongeza tu kukakamaa. Asubuhi loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 huku ukifungua na kufunga ngumi, vaa glovu za sufu, na viazi vipalilie jua likishatoka. Jiko la mkaa usilale nalo chumbani, hewa yake huua.

Huo unga tunautilia shaka. Mitishamba haiondoi uvimbe kwa usiku mmoja. Dawa ya namna hiyo mara nyingi hukutwa imechanganywa prednisoloni au diklofenaki. Uso ukianza kuwa wa duara, presha au sukari ikapanda, huenda ni hiyo prednisoloni. Kama umeutumia kwa wiki kadhaa usiuache ghafla: beba pakiti yake, mwonyeshe daktari, yeye ndiye atakayekupunguzia hatua kwa hatua.