Barua kwa mwanangu: Muulize anayelinda mlango

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na ujumbe wako nimeusoma si chini ya mara tatu. Unasema mlibishana na mwenzako kazini mpaka mkaachana mmenuniana. Yeye anashikilia kwamba taifa kubwa likitaka watu wake walale usingizi, lazima lipeleke jeshi likamfuate adui aliko, maana heri kupigana naye kwake kuliko kumngoja aje kubisha hodi. Wewe ukamwambia vita havijawahi kumpa mtu yeyote usalama, akakucheka. Ndipo ukaniandikia: "Mama, umefundisha historia miaka yote hiyo. Jeshi likienda nchi ya mbali, waliobaki nyumbani wanakuwa salama zaidi au la?"

Nilianza kukujibu kwenye simu, nikafuta. Jambo hili halienei kwenye ujumbe wa simu.

Jibu langu ni kwamba mara nyingi hapana. Lakini nawe uliteleza uliposema "havijawahi", na mwenzako akakunasa hapo hapo. Kwa hiyo nianze na haki yake.

Yeye anasimama kwenye methali tuliyokulia nayo sote, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na zipo nyufa zilizozibwa kwa jeshi. Agosti 2, 1990 Iraq iliimeza Kuwait kwa siku mbili. Marekani na washirika wake walipeleka majeshi kwa idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, vita vya ardhini vikachukua saa 100, Kuwait ikarudi mikononi mwa wenyewe. Rais Bush, yule mzee, aliwasimamisha askari wake wasiende Baghdad, ingawa njia ilikuwa wazi. Tena Oktoba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, majeshi ya Marekani yalikwenda Afghanistan kuvunja kambi za Al-Qaeda, na kufikia Desemba kambi zile zilikuwa zimevunjwa. Hilo lilikuwa tishio la kweli, na jeshi lilifanya kazi ambayo mahakama wala balozi asingeweza kuifanya. Mpe hayo mwenzako bila kinyongo.

Ukishampa, mwulize: ule ufa uko kwenye ukuta wa nani, na fundi anaondoka lini?

Maana fundi hakuondoka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Marekani iliyaoga maji ya Afghanistan kwa miaka 20. Kazi iliyoanza kama kuwasaka watu fulani ikageuka kuunda serikali, polisi, mahakama, na jeshi la kitaifa katika nchi ya watu wengine. Wanajeshi zaidi ya 2,400 wa Marekani walifia humo, na Waafghani wengi kupindukia. Osama bin Laden mwenyewe, kiongozi wa Al-Qaeda, alikutwa Mei 2011 huko Abbottabad, ndani ya Pakistan, na aliyemfikia hakuwa lile jeshi kubwa. Ni kikosi kidogo kilichokuja kwa helikopta usiku mmoja na kuondoka kabla hakujakucha. Agosti 15, 2021 Taliban, waliokuwa wakiitawala Afghanistan kabla ya vita, wakaingia mji mkuu, Kabul, wakakaa kwenye viti walivyofukuzwa 2001.

Lakini mfano ninaotaka ukae nao muda mrefu zaidi ni wa Uingereza, kwa sababu huko swali lako aliulizwa mtu aliyekuwa na wajibu wa kulijua jibu.

Machi 2003 Uingereza iliungana na Marekani kuivamia Iraq. Sababu waliyoitoa ni silaha za maangamizi, na silaha zile hazikupatikana. Hilo unalijua. Lisilosemwa sana ni kwamba mwezi mmoja kabla ya vita, Februari 2003, kamati ya ujasusi ya Uingereza ilikuwa imeshaiandikia serikali kwamba tishio la Al-Qaeda lingeongezeka kama Iraq ingeshambuliwa. Tathmini hiyo ilifika mezani, na vita vikaendelea.

Aliyekuwa akiongoza MI5, idara ya usalama wa ndani, alikuwa mwanamke anayeitwa Eliza Manningham-Buller. Kazi yake haikuwa Baghdad. Alikuwa akilinda mlango wa nyumbani: treni, viwanja vya ndege, mitaa. Julai 2010, akiwa amestaafu, aliitwa mbele ya tume ya Chilcot, iliyokuwa ikichunguza vita vya Iraq, na kuulizwa vita vile viliathiri vipi usalama wa nchi yake. Akaeleza bila kuzunguka kwamba viliongeza tishio kwa kiasi kikubwa. Vijana wa Kiingereza, wachache ndani ya kizazi kizima, waliviona vita vile kama vita dhidi ya dini yao, Uislamu, wakaigeuka nchi yao. Akasema pia kwamba mwaka ule wa 2003 ilimbidi aende kwa waziri mkuu kuomba bajeti ya idara yake ifanywe mara mbili, naye akakubaliwa kwa sababu aliweza kuonyesha ukubwa wa tatizo.

Hapo ndipo ninapotaka mwenzako atulie kidogo. Kama kupigana nao kule kunatupunguzia kazi ya huku, kwa nini mlinzi wa huku alihitaji fedha maradufu mwaka ule ule askari walipokwenda kule?

Julai 7, 2005 vijana wanne walijilipua katika treni tatu na basi moja jijini London, wakaua watu 52. Watatu kati ya hao wanne walizaliwa Uingereza. Hawakuvuka mpaka wowote ambao jeshi la Uingereza lililokuwa Basra, kule Iraq, lingeweza kuuziba. Sisemi Iraq peke yake iliwazaa, kwa sababu chuki ya namna hiyo ina mizizi mingi. Nasema aliyekuwa kwenye lindo alituambia mzizi mmojawapo ulimwagiliwa na nani.

Huko Iraq kwenyewe, Mei 2003, mtawala wa Kimarekani Paul Bremer alilivunja jeshi la nchi kwa amri ya karatasi. Watu laki kadhaa wenye mafunzo ya kijeshi, wengi wao na bunduki zao nyumbani, waliamka hawana kazi wala heshima. Baadhi yao waliandamana kudai mishahara. Wengine hawakusumbuka kuandamana. Miaka 11 baadaye, Juni 2014, kundi linalojiita Dola la Kiislamu liliposhika mji wa Mosul, miongoni mwa makamanda wake walikuwamo maofisa wa jeshi lile lililovunjwa, na kiongozi wake, al-Baghdadi, alikuwa amepitia gereza la Wamarekani la Camp Bucca mwaka 2004. Agosti mwaka huo ndege za Marekani zilirudi kupiga mabomu kwenye nchi ile ile.

Miaka 11, mwanangu. Kosa ninaloliona katika mabishano haya karibu yote ni la kalenda. Watu hufunga hesabu siku jeshi linapoingia mjini na sanamu kuangushwa, wakati madeni hayajaanza hata kuletwa.

Chukua Iran. Mwaka 1953 halikwenda jeshi, walikwenda majasusi wa Marekani na Uingereza na fedha zao, wakasaidia kumwangusha waziri mkuu Mohammad Mossadegh, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameyafanya mafuta ya nchi yake kuwa mali ya taifa. Kwa macho ya 1953 ilikuwa kazi safi, ya bei nafuu. Shah, mfalme wa Iran, akaendelea kutawala mpaka alipoangushwa mwaka 1979. Novemba 4, 1979 wanafunzi waliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran, na mojawapo ya hofu waliyoitaja ni kwamba ubalozi ule ungepanga tena kumrudisha Shah kama ilivyokuwa 1953. Wamarekani 52 walishikwa mateka siku 444. Rais Eisenhower, aliyeidhinisha ile kazi safi, alikuwa amekwisha kufa miaka 10 nyuma. Deni lilikuja, likamkuta mwingine ofisini.

Hata ile Kuwait niliyomkubalia mwenzako ina kurasa za nyuma. Vita viliisha, lakini askari wa Marekani wakabaki Saudi Arabia, na mwaka 1996 bin Laden aliutaja uwepo wao kuwa sababu ya kutangaza vita. Agosti 7, 1998, miaka minane kamili tangu operesheni ile ya kupeleka askari Saudi Arabia ianze, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu zaidi ya 200, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Wengine wote waliokufa au kuumia walikuwa makarani, wapita njia, watu waliosogea madirishani kuangalia kishindo cha kwanza kimetoka wapi, vioo vikawafumua macho. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, lakini wale hawakuwa hata wa kwao. Siwezi kuandika habari hii kwa utulivu, na sioni kwa nini nijaribu. Mwenzako anaposema "tupigane nao kule", aulizwe kule ni kwa nani.

Usidhani nina kisa na Marekani peke yake. Februari 24, 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na moja ya sababu ilizozitoa ni kuizuia NATO, umoja wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, isisogee mpakani kwake. Finland ilikuwa imekaa nje ya NATO miaka yote tangu umoja huo uundwe, na wananchi wake wengi walitaka ibaki hivyo. Vita vikageuza mawazo yao ndani ya majuma machache. Aprili 4, 2023 Finland ikaingia NATO, na Sweden ikafuata Machi 2024. Mpaka wa Finland na Urusi una urefu wa kilomita 1,340 hivi, kwa hiyo mpaka wa Urusi na NATO uliongezeka zaidi ya maradufu kwa saini moja. Kisha Agosti 2024 askari wa Ukraine wakaingia mkoa wa Kursk, na ardhi ya Urusi ikakanyagwa na jeshi la kigeni kwa mara ya kwanza tangu Vita vya Pili vya Dunia. Kiongozi aliyetaka mpaka wenye utulivu alijiletea kile kile alichokuwa akikihofia.

Najua utaniuliza habari za Rwanda, kwa sababu uliniuliza pia ulipokuwa kidato cha tatu. Oktoba 1993 wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa Mogadishu, Marekani ikaogopa, na miezi sita baadaye dunia ikakaa pembeni wakati Watutsi wanachinjwa. Ile ilikuwa aibu, na nitaiita aibu mpaka nife. Mei 2000 Uingereza ilipeleka askari mia kadhaa Sierra Leone wakati waasi wanaukaribia mji wa Freetown, mji ukapona. Naiheshimu kazi ile. Lakini liangalie jambo lenyewe: Freetown isingeanguka juu ya London. Waliokwenda, walikwenda kwa ajili ya Wasierra Leone. Kwenda kumwokoa mtu na kwenda kujilinda ni mambo mawili, na mtawala anayeyachanganya ni wa kumwogopa, maana ukimpinga kwenye usalama anakimbilia huruma, na ukimpinga kwenye huruma anakimbilia usalama.

Nilipokuwa nikifundisha nilikuwa na picha moja ya ukutani ambayo huenda unaikumbuka, ya ule ukuta wa Washington wenye majina ya Wamarekani waliokufa Vietnam. Ni jiwe jeusi lililong'arishwa mpaka msomaji anaona uso wake kati ya majina. Ni majina zaidi ya 58,000, yamepangwa kwa tarehe ya kifo, si kwa alfabeti. Katika picha ile mama mmoja ameweka karatasi juu ya jina na anasugua penseli taratibu ili herufi zitokee, aondoke nazo.

Siku moja nilikuwa naeleza kwa nini walipelekwa. Nikasema viongozi wao waliamini kwamba Vietnam ikiangukia mikononi mwa wakomunisti, nchi nyingine zitafuata moja baada ya nyingine, mpaka hatari ifike kwao. Nikaandika ubaoni kwamba Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini iliyosaidiwa na Marekani, ilianguka Aprili 30, 1975. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hakuwa mzungumzaji, akainua mkono akaniuliza: "Mwalimu, baada ya hapo Vietnam iliishambulia Marekani mwaka gani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba haikuishambulia. Laos na Cambodia zilifuata kweli, lakini Thailand, Malaysia na Indonesia hazikufuata, na vita ambavyo Vietnam ilipigana baada ya hapo vilikuwa na wakomunisti wenzake, Cambodia kisha China. Mwaka 1995 Vietnam na Marekani zilirudisha uhusiano wa kibalozi. Yule msichana aliandika tarehe hiyo kwenye daftari, kisha akainua macho akaiangalia tena ile picha ya mama na penseli.

Niandikie mwenzako atakavyosema.

Mama yako