Maswali yenu: Seva inafungwa, wafuasi wangu wataenda wapi?

SWALI: Nina akaunti ya Mastodon, ule mtandao wa kijamii unaoundwa na seva nyingi (kompyuta za wasimamizi mbalimbali) zinazowasiliana, kwenye seva ndogo ya wapenda ndege. Msimamizi ametangaza kwamba ataizima mwezi ujao. Nasikia naweza kuhama pamoja na wafuasi wangu. Na machapisho yangu ya miaka mitatu je? – Mpenda Ndege

JIBU: Wafuasi watahama, machapisho hayatahama. Halafu usingoje mwezi uishe. Seva ya zamani ndiyo inayozitangazia seva za wafuasi wako anwani yako mpya, kwa hiyo lazima iwe bado hewani. Ikishazimwa, hakuna tena wa kutangaza.

Fungua akaunti kwenye seva mpya kwanza. Soma sheria zake, na uangalie kama usajili unasubiri idhini ya msimamizi, maana hapo siku zinaweza kupotea. Kisha rudi kwenye akaunti ya zamani, ingia kwenye mipangilio na upakue faili za CSV, yaani orodha za maandishi zinazofunguka kama jedwali: unaowafuata, uliowazuia, uliowanyamazisha, orodha zako na alamisho. Palepale omba nakala ya machapisho na picha zako. Ombi hilo hukubaliwa mara moja tu kila siku 7. Nakala hiyo ni ya kutunza kwenye kompyuta yako tu. Mastodon haina njia ya kuipandisha kwenye akaunti nyingine.

Sasa mahali ambapo wengi hugeuza mpangilio. Akaunti mpya ndiyo hutangulia: kwenye mipangilio yake unasajili anwani kamili ya ile ya zamani, yaani @jina@seva, kuwa lakabu yako. Lakabu isipokuwepo, seva ya zamani hukataa, kwa sababu haina ushahidi kwamba akaunti zote mbili ni zako. Lakabu ikishakaa, rudi kwenye akaunti ya zamani, andika anwani mpya, weka nenosiri, thibitisha. Soma anwani hiyo herufi moja moja, kwani ukishahama, akaunti hiyo haiwezi kuhama tena mpaka siku 30 zipite. Mwisho pandisha zile CSV kwenye akaunti mpya, na uchague kuunganisha, si kufuta yaliyopo. Wale ambao huidhinisha kwanza kila anayetaka kuwafuata watapata ombi lako upya, na ni juu yao kulikubali.

Idadi ya wafuasi hupanda polepole, pengine kwa saa kadhaa, kwa hiyo usibonyezebonyeze. Wachache watabaki njiani: walio kwenye seva zilizokuwa zimezimwa wakati huo, walio kwenye seva zenye programu isiyoelewa ujumbe wa kuhama, na walio kwenye seva iliyoizuia seva yako mpya. Hao watafute mmoja mmoja.

Wengine ambao seva zao hazijafungwa, pakueni CSV hizo leo. Seva zilizoorodheshwa kwenye joinmastodon.org, tovuti rasmi ya Mastodon, huahidi kutoa taarifa ya angalau miezi 3 kabla ya kufunga, lakini diski iliyoungua haitoi taarifa.

SWALI: Rafiki yangu anasema chapisho lake lina majibu ishirini. Mimi naona mawili tu. Ananidanganya? – Msomaji wa usiku

JIBU: Hadanganyi. Seva yako haina nakala ya mtandao mzima. Huletewa zaidi yale ya watu wanaofuatwa na mtu yeyote aliye kwenye seva yenu. Jibu la mtu ambaye hakuna anayemfuata huko kwenu huenda lisifike kabisa. Matoleo mapya ya Mastodon yanaweza kuyavuta majibu yaliyokosekana, lakini si kila msimamizi amesasisha. Fungua chapisho kwenye seva lilikotoka, utayaona karibu yote ya hadharani. Ukitaka kulijibu mojawapo, nakili kiungo chake ukibandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha seva yako, nayo italileta.

SWALI: Je, ujumbe wa faragha kwenye Mastodon ni wa siri? – Bila jina

JIBU: Hapana. Hausimbwi kutoka mwisho hadi mwisho, yaani haufichwi kwa namna ya kusomwa na mwandishi na mpokeaji tu, kwa hiyo msimamizi wa seva yako na wa seva ya unayemwandikia wote wanaweza kuusoma kwenye hifadhidata. Kuna mtego mbaya zaidi: ukimsema mtu wa tatu humo kwa kuandika anwani yake yenye @, naye anatumiwa ujumbe uleule. Umbea mwingi umefichuka hivyo! Mambo ya siri yapeleke kwenye programu ya ujumbe ya Signal, au kwenye chumba cha mazungumzo cha mtandao wa Matrix kilichowashwa usimbaji.

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu thelathini. Tunataka seva yetu wenyewe. Tuanzie wapi? – Katibu wa kikundi

JIBU: Anzieni na watu wawili wenye funguo zote, kabla hata ya mashine. Msimamizi mmoja akiugua, seva nayo imeugua.

Kwa Mastodon, kodini mashine yenye RAM ya GB 4. GB 2 huwaka, lakini hubanwa wakati wa kusasisha. Watu thelathini hawaijazi diski kwa machapisho yao. Inajazwa na picha na video za seva nyingine ambazo yenu huzitunza kwa muda. Diski ikijaa, PostgreSQL, yaani hifadhidata ya seva, husimama na kila kitu kinasimama nayo. Amri ya tootctl media remove hufuta nakala hizo zilizozidi siku 7. Ipangieni ratiba ya kila siku. Mkiona yote hayo ni mzigo, GoToSocial, programu nyingine ya seva inayowasiliana na Mastodon, hutumia RAM ndogo kuliko Mastodon, ila haina ukurasa wake wa kuandikia, kwa hiyo kila mtu atahitaji programu ya simu au ya kompyuta.

Barua pepe ndiyo huwashinda wengi. Kampuni nyingi za kukodisha mashine hufunga mlango namba 25, na barua za uthibitisho haziondoki. Tumieni huduma ya kutuma barua, mweke rekodi za SPF na DKIM zinazothibitisha kwamba barua zimetoka kwenu kweli, la sivyo barua zenu zitaishia kwenye taka.

Jina la kikoa, yaani anwani ya seva yenu kwenye intaneti, lichagueni kwa makini, kwani halibadilishwi baada ya seva kuanza kuwasiliana na nyingine. Kila usiku chukueni nakala ya hifadhidata kwa amri ya pg_dump, pamoja na faili ya .env.production yenye siri za seva na picha za watumiaji wenu, na muitunze nje ya mashine hiyo. Kisha jaribuni kuirejesha kwenye mashine nyingine isiyounganishwa na mtandao. Hifadhidata ikipotea, kusakinisha upya kwa kikoa kilekile hakusaidii sana: seva nyingine bado zinakumbuka funguo za akaunti za zamani, na ujumbe uliotiwa saini kwa funguo mpya chini ya majina yaleyale huweza kukataliwa.