Utitiri kwenye mzinga: pima kwanza, dawa ya ng'ombe iache dukani

Ukikuta nyuki wachanga wanatambaa chini ya mzinga, mabawa yamesinyaa na kujikunja, tumbo fupi, usiwapite ukidhani wamechoka au wamenyeshewa. Hao wametoka kwenye sega wakiwa hivyo, na mara nyingi chanzo ni utitiri uitwao Varroa.

Asili yake ni Asia, kwa nyuki wa kule. Afrika Mashariki uliripotiwa mwaka 2009. Ni mdudu bapa, mwekundu wa kahawia, upana wake kama milimita 1.6, kwa hiyo unamwona kwa macho. Jike hujipenyeza kwenye chumba cha buu kabla nyuki vibarua hawajakifunika kwa nta, akatagia humo humo. Hupenda zaidi vyumba vya madume. Yeye na wanawe hujilisha kwenye mwili wa nyuki anayekua, na anapotoboa ndipo virusi huingia. Virusi vya kulemaza mabawa vinaweza kuwamo kwenye kundi bila dalili yoyote. Utitiri ukizidi, navyo huzidi. Dawa ya kuviua hakuna.

Mimi hupima kwa sukari laini ya unga. Fanya jioni, moshi uwe tayari. Chukua sega lenye majana (watoto wa nyuki), hakikisha malkia hayupo, kisha kung'utia nyuki wa nusu kikombe (kama 300) kwenye chupa ya mdomo mpana yenye mfuniko wa wavu wa matundu ya milimita 3. Tia vijiko viwili vya sukari, izungushe chupa taratibu hadi wote wawe weupe, subiri dakika mbili. Sasa igeuze na uitikise juu ya sahani nyeupe, halafu nyunyizia maji. Sukari itayeyuka, utitiri utabaki unaonekana, uuhesabu. Nyuki warudishe mzingani, watasafishana wenyewe. Andika idadi ya kila mzinga.

Nawasihi wafugaji wenzangu, msitie dawa ya kuogeshea ng'ombe mzingani. Nimeona watu wakishauriwa hivyo dukani. Nta huinyonya sumu ile, ikabaki msimu hata msimu, na asali yako ikipimwa inakataliwa.

Nyuki wetu wana uwezo wao. Huparuana utitiri mwilini, hutoa majana yaliyoathirika, na kundi linapohama au kugawanyika uzazi hukatika kwa muda, utitiri ukakosa pa kuzalia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 nchini Kenya ulikuta utitiri karibu kote isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini haukuonekana kupunguza ukubwa wa makundi. Ukimwaga dawa kila msimu, unawabeba hata walio dhaifu.

Kwa hiyo unapogawa makundi, gawa yale yenye hesabu ndogo ya utitiri mwaka hadi mwaka. Masega yaliyozeeka na kuwa meusi yatoe, uyayeyushe. Na unaporina, waachie nyuki asali ya kuwavusha kiangazi, kwa sababu kundi lenye njaa ndilo virusi hulimaliza upesi.